Ujira wa Saa, Ujira wa Safari



Sisi tukaao Manyoni tumezoea kulala na ngurumo za malori. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Morogoro na Dodoma, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Kintinku, hufika kwetu, ndipo hushika njia ya Singida na Nzega kuelekea Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Usiku na mchana hupita mafuta, saruji, ngano, vyuma na mbolea. Katika parishi yetu wamo waendeshao malori hayo, wamo walio utingo, wamo wenye lori moja au mawili, wamo akina mama wauzao chakula penye maegesho, na zimo nyumba zilizozika ndugu kwa sababu ya ajali. Kwa hiyo jambo tunalotaka kulitafakari safari hii si la watu wa mbali.

Jambo lenyewe ni ujira wa dereva. Kila mara madereva wakizungumza utasikia baadhi yao wakisema kwamba ingefaa walipwe kwa saa, kama walipwavyo watu wa kazi nyingine katika nchi nyingi. Na kila mara matajiri wao wakizungumza utasikia jibu: mtu akilipwa kwa saa atalala chini ya mti, nasi tutakuwa tunalipia usingizi. Wa kwanza wanaomba haki. Wa pili wanaogopa uvivu. Je, ni kweli kwamba ujira wa saa huua juhudi ya kazi? Na kabla ya kujibu hilo, yatupasa tuulize swali lililo chini yake: mwajiri anapolipa ujira, hununua nini hasa? Hununua muda wa mtu, au kazi yake, au matokeo ya kazi hiyo?

Kwanza tuangalie jinsi mambo yalivyo. Madereva wengi wa masafa marefu hupewa mshahara wa mwezi ambao mara nyingi ni mdogo, na juu yake hupewa fedha za tripu, yaani posho ya safari nzima. Wengine hawana mshahara kabisa ila hizo fedha za tripu tu. Katika fedha hizo dereva hula, hulala, hulipia maegesho, na pengine huziba pancha. Kinachobaki ndicho chake na watoto wake.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuseme dereva amepewa shilingi 400,000 kwa safari ya kwenda na kurudi, naye hutumia shilingi 20,000 kila siku kwa chakula na malazi. Akimaliza safari kwa siku 8 atakuwa ametumia shilingi 160,000, na atabaki na 240,000, yaani shilingi 30,000 kwa kila siku. Lakini tuseme foleni ya mpakani imemshika, au karatasi za mzigo zimechelewa, naye akatumia siku 12. Hapo atatumia shilingi 240,000 na kubaki na 160,000, yaani shilingi 13,000 na kidogo kwa kila siku. Gari ni lile lile, mzigo ni ule ule, barabara ni ile ile, na kosa si lake. Hata hivyo ujira wake wa siku umepungua zaidi ya nusu.

Basi tujiulize, dereva huyu aweza kuzirudisha wapi zile siku zilizopotea? Hawezi kuzirudisha bandarini, maana hapakii yeye. Hawezi kuzirudisha kwenye mizani ya Vigwaza wala ya Njuki, maana foleni haimtii. Hawezi kuzirudisha mpakani, maana afisa wa forodha si mtumishi wake. Vitu viwili tu vimo katika uwezo wake: usingizi wake, na mguu wake juu ya pedeli ya mafuta. Hapo ndipo atakapotafuta zile fedha. Atalala saa tatu badala ya saba, na ule mteremko kati yetu na Kintinku atauteremka kwa gia asiyopaswa kuitumia. Hatusemi kila dereva hufanya hivyo. Twasema kwamba mpango wa malipo umemwekea jaribu hilo mbele yake kila safari, na ni mwajiri aliyeliweka, ingawa pengine hakukusudia.

Mambo haya si mapya katika nchi yetu. Kabla ya reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara ya pwani na Unyanyembe ilipita katika Ugogo. Magharibi yetu kulikuwa na pori lisilo na maji lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo wapagazi walilivuka kwa mwendo wa kulazimisha, wakianza mchana na kwenda hadi usiku ili wawahi maji. Wapagazi wa Kinyamwezi mara nyingi walipatana ujira wa safari nzima, wakati watu wa pwani walikuwa wakipatana kwa mwezi. Aliyepatana kwa safari alitaka kufika upesi arudi shambani kwake; aliyepatana kwa mwezi hakuwa na haraka hiyo. Tajiri wa msafara alilijua jambo hili, na wapagazi walilijua pia. Hata neno posho tunalolitumia leo lilikuwa neno la misafara: ndicho chakula alichopewa mpagazi kila siku njiani, mbali na ujira wake. Tuzingatie hapo. Zamani posho ilihesabiwa kwa siku, kwa sababu tumbo huhesabu siku. Leo, katika malori mengi, posho imehesabiwa kwa tripu, kana kwamba safari ikirefuka tumbo litangoja.

Baada ya misafara yalikuja mashamba ya mkonge. Wazee wetu wengi wa mkoa huu na Dodoma walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Huko walipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku moja haikuhesabiwa kwa kuchomoza na kuzama jua, ila kwa kutimiza kiasi cha kazi kilichowekwa. Aliyeshindwa kutimiza hakuandikiwa siku, hata kama alishinda juani. Na neno kibarua nalo lina habari yake: ni barua ndogo, yaani ile karatasi aliyopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku hiyo. Twaona basi kwamba Kiswahili chetu kina kumbukumbu ya njia zote: ujira wa safari, ujira wa kutwa, ujira wa kipande. Swali la madereva wetu ni la zamani, lililobadilisha magurudumu tu.

Sasa tuwasikilize wenye malori kwa haki, maana hoja yao si ya kubeza. Wanasema hivi: katika kiwanda msimamizi humwona mfanyakazi, lakini dereva yu kilomita mia nane kutoka kwangu. Nikimlipa kwa saa, nani atazihesabu? Kila saa anayozubaa kwangu ni hasara, kwake ni faida. Nikimlipa kwa tripu, faida yake na yangu huwa moja: sote twataka gari lifike. Isitoshe, twajua sote kwamba wako watu wanaolipwa kwa mwezi, mvua au jua, ambao husaini daftari asubuhi na kisha hawaonekani. Ajizi ni nyumba ya njaa, na hakuna taifa lililojengwa na watu wanaongoja saa ya kutoka.

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Muda ukilipwa wenyewe, muda hurefuka. Lakini tuitazame ile sehemu inayosema kwamba malipo ya tripu huleta juhudi. Hapo tunaona mambo mawili yamechanganywa, juhudi na haraka.

Dereva mwenye juhudi ni nani? Ni yule ambaye kabla ya kuwasha gari huzunguka akagonga matairi, akaangalia breki na upepo, akakaza kamba za turubai. Ni yule anayesimama njiani kugusa magurudumu kama yamepata moto. Ni yule anayeteremka mlima kwa gia nzito ingawa wenzake wanampita. Ni yule anayepunguza mwendo penye watoto wa shule, anayempa nafasi mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa mkaa, na anayesimama akalala macho yakianza kuwa mazito. Hebu tuhesabu: katika mambo hayo yote, ni lipi lililopewa bei katika fedha za tripu? Hakuna. Kila moja linamchelewesha, na kila saa ya kuchelewa inamla posho yake. Kwa hiyo malipo ya tripu hayalipi juhudi ya dereva. Hulipa haraka yake, na juhudi yenyewe huiadhibu. Akiendelea kuwa na juhudi, anafanya hivyo kwa gharama yake mwenyewe, na wengi, Mungu awabariki, wanafanya hivyo.

Sisi tuliofundisha darasani twalijua jambo hili kwa mfano wa kazi yetu. Katika chuo cha ualimu tulisoma habari za Uingereza, ambako mwaka 1862 serikali iliweka kanuni kwamba fedha za shule zitolewe kwa kufuata matokeo ya watoto katika kusoma, kuandika na hesabu, siku mkaguzi alipokuja kuwapima. Kipato cha mwalimu kikafungwa na siku hiyo moja. Ilionekana ni njia ya busara ya kuondoa uvivu wa walimu. Matokeo yake walimu waliwakaririsha watoto yale atakayouliza mkaguzi, wakaacha yale asiyoyauliza, na mtoto mzito wa kuelewa akawa mzigo usiopendwa. Katika miaka ya 1890 mpango ule ukaachwa. Haukuwafanya walimu kuwa wavivu, wala haukuwapa upendo wa kazi. Uliwafundisha kupenda kile kinachohesabiwa. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari anajua kwamba alama hufundisha: ukitoa alama kwa mwandiko tu, utapata miandiko mizuri na mawazo matupu. Ujira nao ni alama. Humwambia mfanyakazi kila siku ni kitu gani tunachokithamini na ni kitu gani hatukijali.

Ni kwa sababu hii nchi nyingi zimeona kwamba ujira wa dereva si jambo la tajiri na dereva peke yao. Mwaka 1979 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 153, unaosema dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku na 48 kwa juma. Nchi za Umoja wa Ulaya katika kanuni yao ya mwaka 2006 zilikwenda mbele zaidi: zilikataza dereva kulipwa kwa kufuata umbali aliokwenda au wingi wa mizigo aliyobeba, ikiwa malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Huko Marekani mtaalamu wa uchumi aitwaye Michael Belzer amechunguza jambo hili kwa miaka mingi, naye ameonyesha kwamba ujira wa dereva ukiongezeka ajali hupungua, na kwamba muda wa kungoja usiolipwa humsukuma dereva kuendesha saa nyingi zaidi. Hata hivyo Marekani yenyewe, katika sheria yake ya ujira ya mwaka 1938, iliwaacha madereva wa malori ya masafa nje ya haki ya malipo ya muda wa ziada, na wengi wao hadi leo hulipwa kwa maili.

Wala tusidhani kwamba ni rahisi kutengeneza jambo hili. Australia iliunda baraza maalumu mwaka 2012 la kupanga malipo ya madereva kwa ajili ya usalama. Baraza lilipotoa amri ya kima cha chini kwa madereva wenye magari yao wenyewe, wengi wao ndio waliopinga, wakihofu kwamba wenye mizigo watawakimbia na kupeleka kazi kwenye makampuni makubwa. Mwaka 2016 baraza likafutwa, na mwaka 2024 sheria nyingine ikaipa tume ya kazi ya nchi hiyo uwezo wa kuweka viwango upya. Kumbe haki isiyopangwa vizuri yaweza kumnyima mnyonge hata kile kidogo alicho nacho.

Nasi hapa nyumbani hatukuachwa bila sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa juma, na kwamba mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 katika siku moja. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Kila siku mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila juma saa 24. Tena sheria hiyo yataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Tukumbuke kwamba Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, abiria wakakwama stendi, na mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa hilo la mikataba ya kazi. Waliomba yale ambayo sheria ilikwisha kuyasema miaka kumi na moja kabla.

Sasa tuligeukie Neno la Mungu, maana Bwana wetu alisimulia habari inayohusu jambo hili hasa: ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo sura ya ishirini. Mara nyingi tunaposikia mfano huu tunawatazama wale walioingia alfajiri wakanung'unika. Hebu tuwatazame wale wa saa kumi na moja. Mwenye shamba aliwakuta wamesimama sokoni, akawauliza kwa nini wamekaa bure mchana kutwa. Hawakujibu kwamba walikuwa wavivu. Walijibu kwamba hapakuwa na mtu aliyewaajiri. Yaani walikuwa tayari kwa kazi tangu asubuhi, wakingoja, na kungoja kwao hakukuwa kosa lao. Na watoto wao jioni ile walihitaji mkate sawa na watoto wa wale wengine.

Hatusemi kwamba mfano huo ni sheria ya kazi. Bwana alikuwa akisema habari za neema ya Mungu, ambayo hakuna awezaye kuistahili kwa saa wala kwa kipande. Lakini alipotafuta mfano wa neema, alimchukua mtu aliyetambua kwamba kungoja bila hatia si sawa na uvivu. Dereva aliyekaa siku nne mpakani, analinda gari na mzigo wa watu, hawezi kwenda kwake, hawezi kufanya kazi nyingine, hawezi hata kulala kwa raha kwa kuogopa wezi wa mafuta na matairi, huyo hakukaa bure. Yuko kazini. Muda ule si wake. Torati nayo ilikataza ujira wa kibarua ulale kwa mwajiri hadi asubuhi, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake umeutegemea. Basi hapa tumepata jibu la swali letu la kwanza. Mwajiri hanunui matokeo tu. Ananunua sehemu ya maisha ya mtu, ambayo haitarudi. Anayechukua siku kumi na mbili za maisha ya mtu na kulipa nane, amechukua nne bure.

Hata hivyo, tusiwapendelee madereva kwa kuwa ni wadogo, maana Torati hiyo hiyo ilikataza kumpendelea maskini katika hukumu. Wako madereva wanaonyonya mafuta katika tangi na kuyauza kwa dumu kando ya barabara. Wako wanaopakia abiria juu ya mizigo na kutia fedha mfukoni, na gari likipinduka wanaokufa ni hao abiria. Wako wanaopiga simu kusema gari limeharibika, kumbe wako kwa mwanamke. Ukiwauliza watasema, tajiri ananilipa kidogo, najilipa mwenyewe. Je, ujira mbaya unahalalisha kazi mbaya?

Twasema hapana, na si kwa ajili ya tajiri peke yake. Mwizi wa mafuta hamfundishi tajiri haki. Anampa sababu ya kutomwamini dereva anayefuata, aliye mwaminifu. Kila dumu linalouzwa Bahi au Issuna hufanya ombi la ujira wa saa liwe gumu zaidi kwa wote. Anayedai alipwe kwa saa anatoa ahadi nzito kuliko anayelipwa kwa tripu. Anasema: niamini, saa yangu ni saa kweli. Akisimama, asimame kwa sababu amechoka au gari limechoka, si kwa sababu saa zinahesabika. Siku hizi matajiri wengi wamefunga vyombo vinavyoonyesha kwa setilaiti gari liko wapi na linakwenda mwendo gani. Vyombo hivyo vinasaidia, na vimeondoa ile hoja kwamba saa za dereva haziwezi kuhesabiwa. Lakini havionyeshi kama dereva alikagua breki. Kazi iliyo muhimu kuliko zote hufanyika pasipo mtu kuona.

Kwa hiyo hatuoni kwamba ujira wa saa peke yake utaleta uaminifu, kama vile ujira wa tripu haukuuleta. Hakuna namna ya kulipa inayoweza kuununua moyo wa mtu. Ila kuna tofauti kati ya malipo yanayouheshimu moyo huo na malipo yanayoujaribu kila siku hadi uvunjike. Mwenye kupanga ujira anapanga na majaribu, na hilo atajibu kwalo.

Limebaki swali moja gumu, nalo ni la mwenye lori moja aliyelinunua kwa mkopo. Yeye naye hulipwa na mwenye mzigo kwa tani au kwa safari, si kwa saa. Mpakani gari likikwama, benki haingoji. Akimlipa dereva siku za kungoja, zinatoka wapi? Twajibu hivi: hasara ya kungoja haina budi kubebwa na mtu, na haki yataka ibebwe na yule awezaye kuipunguza. Mwenye mzigo aweza kuandaa karatasi mapema. Maofisi yaweza kuharakisha ukaguzi. Mwenye gari aweza kudai katika mapatano yake fidia ya siku za kusubiri kushusha. Dereva hawezi lolote kati ya hayo. Kumtwika yeye ni kumtwika aliye chini kabisa kwa sababu tu hawezi kuurusha mzigo kwa mwingine, isipokuwa kwa kuutupa barabarani juu ya watoto wetu.

Na hata kama mwenye lori moja hawezi leo kulipa kwa saa, kuna jambo dogo analoweza. Aitenge posho na ujira. Posho aihesabu kwa siku, kama zamani za misafara, na siku za foleni azihesabu pia. Katika mfano wetu, siku 4 za ziada kwa shilingi 20,000 ni shilingi 80,000. Si fedha kidogo kwa mtu mwenye mkopo. Lakini aiweke kando ya bei ya tairi moja la lori, kisha kando ya bei ya lori lililoanguka mteremkoni, kisha kando ya yule aliyekuwa ndani yake. Tena amwambie dereva kwa maneno wazi, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba akichelewa kwa sababu ya kulala hatakatwa. Neno hilo halina gharama, na ni madereva wachache waliowahi kuliambiwa.

Mwisho, tusiwanyoshee kidole wenye malori kana kwamba sisi wengine hatuhusiki. Wengi wetu tu waajiri. Tunao vibarua wa kulima tunaopatana nao kwa ngwe, kisha tunapima ngwe kwa hatua ndefu. Tunao mabinti wa kazi za ndani ambao saa zao huanza kabla ya adhana na kwisha baada ya sisi kulala. Tunao walinzi, hata wa makanisa yetu, ambao mshahara wao hungoja sadaka ya Jumapili ijayo. Tunao vijana wa bodaboda wanaopeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, wapate abiria wasipate, nasi tukipanda twawahimiza wakimbie, kisha wakianguka twasema vijana hawa hawana akili. Basi kila mmoja wetu mwenye mtu anayemtumikia na ajiulize wiki hii: ninapomlipa, ninamhimiza afanye nini? Je, ule ungojaji wake usio na kosa ninauhesabu?

Tunapendekeza jambo hili lizungumzwe katika vikundi vyetu vya nyumba kwa nyumba, na wenye malori na madereva wakae pamoja, wasitengane. Kila Jumapili tunawaombea wasafiri. Ni vema. Lakini katika hao tunaowaombea wamo wanaoendesha usiku huu wakiwa na usingizi kwa sababu ya hesabu aliyoiandika mmoja wetu, na hesabu hiyo aweza kuisahihisha kabla ya safari ijayo.